Mnafungua saa ngapi? Uzoefu wangu na madaraja ya vituo vya watoto Kigoma

Mzazi wa Kibirizi, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, akija kuulizia nafasi ya mtoto, huanza na saa. Mnafungua saa ngapi? Kisha anauliza ada, na kama mnapokea ya siku au mpaka mwezi uishe. Kisha anataka kujua nani anabaki na watoto mwalimu akitoka. Habari za vyoo, uzio na vifaa vya kuchezea huja baadaye, na wengine hawazigusi kabisa. Nimeyajibu maswali haya kwa miaka mingi nikiwa mlezi na mwenye dei kea pale Gungu, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kabla ya hapo niliyauliza mwenyewe, nikiwa na mtoto mgongoni na beseni la dagaa kichwani.

Naandika kwa sababu habari ya kuvipima vituo vya watoto na kuvipanga kwa madaraja imefika kwetu, na wengi wanaoizungumza hawajawahi kusimama upande wowote wa mlango wa kituo. Mimi nimesimama pande zote mbili. Nataka vituo vipimwe, na nataka mzazi ajue anamwachia nani mtoto wake. Ila nimeona pia jinsi daraja likitolewa ovyo linavyoweza kumwondoa mtoto wa maskini kwa mtu anayemjua na kumsukuma mahali ambapo mkaguzi hatakanyaga kamwe.

Asiyekijua Kibirizi aelewe jambo moja kwanza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mitumbwi hurudi mwaloni alfajiri. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, na mtaa mzima hujua, maana pesa hupungua hadi dukani. Mama anayenunua dagaa wabichi ili aanike lazima awe mchangani mitumbwi inapoingia. Akichelewa anakuta waliobaki ni waliopondeka na bei imeshapanda. Akishanunua kuna kuosha, kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru, na wingu likijikusanya upande wa Kongo kuna kuanua mbio. Kazi hiyo huanza saa kumi na moja alfajiri na kumalizika alasiri. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukaa kando ya kazi ya namna hiyo, hatua chache kutoka kwenye maji.

Vituo vyenye majengo mazuri mjini, kule Mwanga na Katubuka, hufungua saa moja asubuhi, kwa kuwa wateja wao ni watumishi wa ofisi na walimu. Mimi hufungua saa kumi na mbili. Anayefungua saa kumi na moja ni bibi mmoja wa Kibirizi. Watoto humwita Bibi na mama zao humwita hivyohivyo. Uani kwake kuna mwembe, chini ya mwembe jamvi, na karibu na jiko kuna kibuyu chirizi cha kunawia mikono ambacho mjukuu wake alikifunga kwa dumu la lita tano. Mtoto akiletwa amelala, Bibi humpokea bila kumwamsha, akamlaza chumbani na kumfunika khanga. Anajua yupi alishawahi kupata degedege, yupi samaki wanamdhuru. Hupokea elfu moja kwa siku, na siku za mbalamwezi hupokea anachopewa. Cheti hana, cha aina yoyote.

Mbele ya sheria, alichonacho Bibi hakiitwi kituo. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 na kanuni zake zinataka kila kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na afisa ustawi wa jamii ndiye anayekuja kuangalia. Nilipoomba usajili nilitakiwa kuonyesha jengo, vyoo, maji, walezi na eneo la kuchezea. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Mtoto mdogo hajui kujitetea, na kuna watu wamefungua vituo kwenye fremu za maduka zisizo na dirisha kwa sababu tu wameona wazazi wana shida. Tena tangu Desemba 2021, Serikali ilipozindua ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, maafisa wetu wameanza kutuuliza mambo ambayo zamani hayakuulizwa. Siku hizi wanauliza afya, lishe, ulinzi na usalama, nafasi ya mtoto kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio, yaani mtoto akiita kuna mtu mzima anamwitikia. Nilifurahi sana kusikia hilo la mwisho likitamkwa kwenye kikao cha kata, kwa sababu ndilo moyo wa kazi yetu.

Usajili una majibu mawili, umepata au hujapata. Daraja ni kitu kingine. Daraja linakulinganisha na jirani, na mzazi akilisikia hahitaji kusikia kingine.

Lililetwa kwetu na shirika moja lililokuwa likifundisha walezi kwenye mitaa michache. Wakasema watapita kila kituo, kilichosajiliwa na kisichosajiliwa, watoe alama, kisha wavipange daraja la kwanza, la pili na la tatu, ili wazazi wachague wakijua. Nia yao ilikuwa njema na mpaka leo naamini hivyo. Tuliitwa, tukaonyeshwa sehemu za fomu. Majengo na usalama, usafi na maji, chakula, vifaa vya kujifunzia, sifa za walezi, kumbukumbu, na mwisho mazungumzo kati ya mlezi na mtoto. Walezi wengi pale ukumbini walianza palepale kupiga hesabu ya bei ya bembea.

Dada aliyekuja kwangu alifika na kishikwambi chake mapema, akasalimia vizuri, akakaa kwenye kibenchi cha watoto pembeni ya mlango. Alipima madirisha, akahesabu vikombe, akaomba daftari la mahudhurio na nakala za kadi za kliniki. Kwenye vifaa vya kuchezea alipata shida kidogo. Watoto wangu huchezea kokwa za michikichi, vifuniko vya chupa, magari ya mabua na matope, na fomu yake ilikuwa na nafasi ya vitabu vya picha, matofali ya mbao na vifaa vya kupanda. Aliniuliza kokwa aziweke wapi. Nikamwambia watoto wanahesabia, wanapangia na kuuziana, basi aziweke panapomfaa. Akaziandika kwenye maelezo ya ziada, ambako hakuna alama.

Ukafika wakati wa uji. Kuna mtoto mmoja, wakati ule hajatimiza miaka mitatu, alikuwa mgeni wa wiki ileile, akakigeuzia kikombe mgongo. Msaidizi wangu ni binti aliyeishia darasa la saba, mtoto wa mvuvi, nilimpokea kwanza kuosha vyombo. Hakumlazimisha. Alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akamuuliza, "Una moto?" Mtoto kimya. "Tuupulize wote?" Akapuliza yeye kwanza. Mtoto akatazama, akapuliza kidogo. "Umeona mawimbi? Ziwa limechafuka!" Mtoto akacheka, akapuliza tena kwa nguvu mpaka uji ukamrukia puani, akaulamba, akasema, "Tamu." Wakaendelea hivyo hadi kikombe kikaisha, mmoja anapuliza, mwingine anauliza mawimbi yameenda wapi. Yule dada wa tathmini aliacha kuandika, akawa anatazama tu. Baadaye aliandika muda mrefu.

Matokeo yalipokuja, kituo changu kilipata daraja la pili. Nikaomba kuona mchanganuo, wakanipa, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye semina yoyote. Sehemu ya mazungumzo kati ya mlezi na mtoto ilikuwa na alama za juu kuliko sehemu zangu zote. Sehemu ya sifa za walezi ilikuwa na alama za chini kuliko zote. Mtu aliyeniletea alama za juu na aliyeniletea za chini ni mmoja, yule binti wa uji. Na kwenye jumla, cheti kilikuwa na uzito mkubwa kuliko mazungumzo.

Nina rafiki aliyekaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu tangu utotoni, familia yao ilitoka Kongo. Tulifahamiana alipokuwa akisaidia watoto kambini. Baadaye walihamishiwa Marekani, jimbo la North Carolina, na huko akapata kazi kwenye kituo cha watoto. Tunatumiana sauti za WhatsApp, zake ndefu, anazirekodi akiwa kwenye basi. Nilipomsimulia habari ya madaraja alicheka, akasema, "Dada, huku sisi tunaishi na nyota." Jimbo lake huvipa vituo leseni zenye nyota, moja hadi tano, tangu mwaka 1999. Oklahoma waliwatangulia kwa mwaka mmoja, 1998, na leo majimbo mengi yana utaratibu wa aina hiyo. Nyota moja maana yake umetimiza kiwango cha chini cha sheria. Za juu zinapatikana kwa elimu ya walezi na kwa viwango vya kituo chenyewe, kwa mfano idadi ya watoto kwa kila mlezi na mpangilio wa darasa.

Nikamuuliza faida yake kwa mzazi ni ipi. Akasema ipo, tena kubwa. Mzazi anayehamia mji asioujua anaona nyota kwenye leseni ukutani, na mkaguzi akikuta kosa linaandikwa na mtu yeyote anaweza kulisoma. Chumba chake kina watoto wachanga, na kiwango cha sheria ya jimbo kwa wasiotimiza mwaka ni mlezi mmoja kwa watoto watano, wasizidi kumi chumba kimoja. "Mimi na mwenzangu, watoto kumi. Mmoja wetu akiugua, mkurugenzi anaingia mwenyewe." Nilipolisikia hilo nilinyamaza, nikiwafikiria walezi wa kwetu wanaobaki peke yao na watoto ishirini.

Lakini kuna fedha nyuma ya nyota, na watu wa kwetu wanaosifia mifumo ya nje huliruka hilo. Serikali kule huwalipia sehemu ya ada wazazi wenye kipato kidogo, na malipo yanayokwenda kwa kituo hupanda kadiri nyota zinavyopanda. Kituo kikipandisha kiwango, kuna mtu anachangia gharama, japo wenye vituo wanalalamika kwamba haitoshi. Mshahara wa mlezi bado ni mdogo. Rafiki yangu anasema wenzake wakimaliza masomo ya kuongezea nyota za kituo, wengi huondoka kwenda kufundisha shule za serikali zinazolipa zaidi, na kituo kinaanza upya kutafuta watu.

Huku kwetu hakuna anayechangia. Mzazi ndiye benki yetu pekee. Chukua kituo chenye watoto 25, kila mmoja shilingi 30,000 kwa mwezi, na wote walipe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ni 750,000. Toa wasaidizi wawili kwa 150,000 kila mmoja, toa pango, unga wa lishe, mchele, maharage, mkaa, maji, sabuni. Kinachobaki ndicho cha kujengea uzio, kununulia bembea na kumsomesha msaidizi. Halafu likaja lile la mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sababu ni nzuri na ziwa linahitaji kupumzika. Lakini wazazi wangu wa Kibirizi walikosa kazi miezi mitatu. Wengine walilipa nusu, wengine waliwarudisha watoto nyumbani na kuniambia, "Mwalimu, tutaonana Agosti." Bembea haikununuliwa, na kama tathmini ingepita miezi ile, ningeshuka daraja huku watoto waliobaki wakilelewa vilevile kama siku zote.

Sasa niseme kilichotokea baada ya madaraja kutangazwa. Kituo kimoja cha mjini kilipata la kwanza, na kilistahili, nimekitembelea na wana utaratibu mzuri. Muhula uliofuata ada yao ilipanda. Watumishi wa ofisi walipanga foleni, na wazazi wawili wa kwangu waliokuwa na mishahara wakahamisha watoto. Sikuwachukia, mzazi ana haki. Mmoja alirudi baada ya muda kwa sababu kule walifunga saa tisa na yeye hutoka kazini saa kumi. Waliobaki kwangu walianza kuniuliza kwa nini ni la pili, tumekosa nini. Nilibandika mchanganuo wote mlangoni, sehemu kwa sehemu, pamoja na alama za aibu. Baba mmoja, fundi seremala, aliusoma wote akiwa amesimama, siku ya pili akaleta gunia la vipande vya mbao alivyovipiga msasa kwenye kona zote. Matofali ya mbao yakapatikana. Nikaona kwamba mzazi akipewa maelezo anajua pa kushika. Akipewa namba peke yake, anaweza kukaa au kuondoka, basi.

Kwa Bibi mambo yalikwenda kombo. Alipata la tatu, na pamoja na daraja likaja agizo kwamba asipokee watoto mpaka awe na uzio, choo cha watoto na usajili. Kila jambo kwenye agizo lile ni la haki. Uani kwake kulikuwa wazi kabisa upande wa barabarani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia mara nyingi, "Bibi, hapa bodaboda wanapita." Tatizo ni kwamba agizo lilitolewa leo na utekelezaji ulianza kesho yake alfajiri, wakati mitumbwi inaingia na mama wako njiani.

Hakuna mama hata mmoja kati ya wale aliyempeleka mtoto kituo cha daraja la kwanza. Wangewezaje, mlango unafunguliwa saa moja? Wawili walikuja kwangu, wakawa wanakaa na watoto barazani gizani wakinisubiri, mpaka nikaanza kuamka mapema zaidi kwa ajili yao. Wengine waliwaachia dada zao wakubwa. Shule ya msingi ya jirani mwalimu wa darasa la nne aliniambia ana binti anayekuja siku mbili kwa wiki, na akiulizwa anajibu, "Nalea mdogo wangu." Shule za msingi za serikali hazina ada, lakini ada haikuwa tatizo la binti huyu. Na mama mmoja alikwenda na mtoto mwaloni. Mchukuzi mmoja aliyekuwa akishusha mizigo alimwona mtoto maji yakiwa yamemfika kifuani, akatupa gunia na kumnyakua. Mtoto ni mzima, namshukuru Mungu. Kwenye taarifa ya tathmini, kwa Bibi pameandikwa kwamba hatari imeondolewa.

Nimelifikiria hili sana, na nimetafuta kujua wengine walipitia nini. Wakati ule nilikuta habari ya utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Science huko Marekani. Watafiti walichukua vigezo vinavyotumika kuvipa vituo nyota, wakaangalia kama vinatabiri watoto watajifunza kiasi gani. Vigezo vingi, pamoja na elimu ya mwalimu na idadi ya watoto, havikutabiri sana. Kilichotabiri vizuri zaidi ni mahusiano ya mwalimu na watoto darasani, namna anavyowaongelesha na kuwaitikia. Nilimsomea msaidizi wangu sehemu hiyo kwa maneno yangu. Akaniuliza kama ina maana hahitaji kwenda kozi. Nikamwambia ataenda, kwa sababu kipaji chake kinahitaji maarifa ya kumtambua mtoto anayechelewa kuongea, mwenye utapiamlo, anayepigwa nyumbani. Alikwenda, na cheti kipo. Kilichobaki ni mimi kupata mshahara wa kumfanya abaki.

Nchini mwetu wenyewe kuna mfano ambao watu wa vituo vya watoto wanapaswa kuuangalia. Mwaka 2015/16 Wizara ya Afya ilipita zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya nchi nzima na kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Takribani theluthi moja vilipata sifuri. Havikufungwa siku ya pili, maana wagonjwa wangekwenda wapi? Kila kituo kilipewa mpango wa kuboresha, kikaelezwa kianze na lipi. Tathmini iliporudiwa 2017/18, vyenye nyota sifuri vilikuwa vimepungua hadi asilimia 4 hivi. Alama ilikuwa mwanzo wa kazi, na kulikuwa na mtu wa kurudi kuangalia. Kwa upande mwingine, Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kwenye matokeo ya kidato cha nne, baada ya miaka mingi ya kufanya hivyo. Mimi niliunga mkono. Mtoto aliyesoma shule yenye maabara na aliyesoma shule isiyo na mwalimu wa fizikia hawakuanzia mstari mmoja, na orodha ilikuwa haisemi hilo. Kituo cha Mwanga chenye wazazi wa mishahara na uani kwa Bibi navyo havikuanzia mstari mmoja.

Kuna hoja ya upande wa pili nisiyotaka kuikwepa. Tukisema maskini wana mazingira yao, tunaweza kuishia kuwaachia watoto wa maskini vituo vibovu kwa jina la huruma. Mama wa dagaa anastahili uzio uleule anaostahili mke wa mkurugenzi, na mtoto wake ana mapafu yaleyale yanayoumizwa na moshi wa jiko. Kwa hiyo sisemi Bibi aachwe kama alivyo. Nasema apewe tarehe, apewe mtu wa kumfuata kila mwezi, na watoto wake wawe na pa kwenda kabla mlango haujafungwa.

Tulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, walezi kadhaa pamoja na mama watatu wa mwaloni. Bibi hakutaka kuja, alikuwa amevunjika moyo. Mama mmoja alimweleza afisa kwa sauti ya upole kabisa: "Shikamoo mama. Sisi hatukatai uzio. Tunaomba mtuambie kati ya saa kumi na moja na saa moja mtoto anakaa wapi." Afisa alikaa kimya kidogo, kisha akafungua fomu ya tathmini kutafuta pameandikwa wapi muda wa kufungua. Hapakuwa na mahali. Kulikuwa na kipengele cha rangi ya kuta.

Kikao kile kilizaa matunda kuliko nilivyotarajia. Bibi aliruhusiwa kuendelea na watoto wachache, kwa masharti ya kukaguliwa kila mwezi na kuwa na mtu mzima wa pili muda wote, na binti yake mkubwa ndiye amechukua nafasi hiyo. Binti wa darasa la nne amerudi shule. Muda wa kufungua na kufunga umeongezwa kwenye fomu. Mimi niliomba mambo mawili zaidi. La kwanza, kila mzazi apewe mchanganuo ulioandikwa kwa Kiswahili rahisi, usomwe kwenye mkutano wa mtaa kwa ajili ya wasiojua kusoma. La pili, sehemu ya mazungumzo ya mlezi na mtoto iwe na uzito usiopungua ule wa majengo. La kwanza limekubaliwa. La pili wamesema linahitaji wapimaji waliofunzwa zaidi, kwa kuwa ukuta unapimwa kwa futi ila kumpima mlezi kunataka kukaa naye asubuhi nzima. Nimewajibu kwamba yule dada wa kishikwambi aliweza, akae na wenzake awafundishe.

Uzio wa Bibi upande wa barabarani umesimama, wa bati chakavu na miti ya mikaratusi, kwa michango ya mama wenyewe baada ya ziwa kufunguliwa. Choo cha watoto bado. Kikundi chao cha waanika dagaa kimeandika maombi ya mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwenye ile asilimia 4 ya vikundi vya wanawake. Mkopo ni wa kununulia vichanja vya kisasa vya kuanikia, na faida ya msimu wa kwanza wamekubaliana iende kwenye choo. Karatasi ziko kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kila Jumatatu mmoja wao hupita kuulizia.